Mwezi katika kimono usichorwe kama nembo

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni kuhusu wabunifu wanaochora kimono za kisasa kwa kufuata tsukimi, desturi ya Wajapani ya kutazama mwezi mpevu usiku wa tarehe 15 ya mwezi wa 8 wa kalenda yao ya kale, ambao huangukia Septemba au mwanzoni mwa Oktoba. Wengi huweka duara la njano na sungura anayetwanga mchele, yule ambaye Wajapani husema wanamwona mwezini, basi. Nami naona huo ni uvivu. Usiku huo watu hutenga madonge madogo ya unga wa mchele pamoja na susuki, nyasi ndefu zenye masuke ya rangi ya fedha, na nyasi hizo peke yake, zikiinamia upande mmoja kwenye pindo, zinatosha kumjulisha mtazamaji kwamba mwezi upo.

Yuzen, ufundi wa kutia vitambaa rangi wa mji wa Kyoto, unafaa sana hapa: uji mzito wa mchele hupakwa mahali pa mwezi, kitambaa hutiwa buluu iliyokoza, kisha uji huoshwa na duara likabaki jeupe. Lakini jora la kimono lina upana wa sentimita 38 hivi, kwa hiyo mwezi mkubwa hupita kwenye mshono, na fundi asiyepima mapema atapata vipande viwili visivyokutana. Tena, kwa kuwa mapambo ya msimu huvaliwa kabla kidogo ya msimu wenyewe, kitambaa hicho kinapaswa kufika dukani Agosti, si Oktoba.

Wako,
Msomaji, Dar es Salaam