Mkanda ule haukutoka Uingereza

Ndugu Mhariri,

Jumatatu mlichapisha picha ya ofisa wa polisi akikagua gwaride. Maelezo chini yake yaliuita ule mkanda unaopita begani "pambo la cheo kutoka Uingereza". Mimi ni askari mstaafu, nimewang'arishia wakubwa mikanda hiyo miaka mingi, ngozi kwa dawa ya viatu, bizimu kwa dawa ya shaba mpaka ujione uso. Kwao mikanda hiyo ni Punjab, Bara Hindi.

Huko ndiko Mwingereza Samuel Browne alikounda kikosi cha askari wa farasi mwaka 1849. Agosti 1858, Wahindi walipokuwa wameasi, aliuvamia mzinga wao pale Seerporah, wakamkata mkono wa kushoto. Kwa kazi hiyo alipewa Msalaba wa Victoria, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Waingereza. Waliomkata, wao walikuwa wakipigania nchi yao, na nishani hawakupewa.

Sasa mwenye mkono mmoja atachomoaje upanga? Ala inaning'inia kushoto. Ukivuta mpini, na ala inakuja. Wengine huishika kwa mkono wa pili. Browne, tena akiwa juu ya farasi, ataishika kwa nini? Akaongeza ukanda wa kupita bega la kulia na kushuka kushoto, ubebe uzito wa upanga na ala itulie. Bastola nayo ikapata mkoba wake upande wa kulia. Wenzake wenye mikono yote miwili wakaona raha yake, wakaiga, hadi likawa vazi la maofisa wa jeshi zima. Siku hizi mara nyingi upanga wenyewe haupo, mkanda umebaki.

Kikosi kilipewa jina la Browne mwaka 1904. Mwaka 1921 kikaunganishwa na kikosi cha 25 cha farasi, na hapo ndipo habari inapofika kwetu, maana hao wa 25 walikuwa huku mwaka 1917, katika vita vya kumsaka Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani katika Vita Kuu ya Kwanza. Kumleta farasi katika nchi ya mbung'o! Katika vita ile farasi na nyumbu walikufa kwa maelfu mengi, wengi wao kwa maradhi. Hata hivyo "Afrika Mashariki 1917" imo katika heshima za vita za kikosi hicho, yaani orodha ya vita inavyojivunia kupigana.

Picha nyingine ikija, andikeni tu: mkanda wa Sam Browne.

Askari mstaafu,
Morogoro