Mzazi asiachwe nje ya mlango wa terapia

Mhariri salaam, naomba kanafasi kwenye ukurasa wenu wa barua. Mmeandika juu ya watoto wanaochelewa kukaa, kutembea na kuongea, mkahimiza wazazi wawahi kuwapeleka kwa wataalamu, hapo sina ugomvi na nyie kabisa. Ila mmeishia mlangoni. Hamjasema mtoto akishafikishwa kwenye terapia, yaani mazoezi ya kumsaidia kukaa, kutembea au kuongea, kinafanyika nini, na ndo penye shida.

Kuna kliniki mpaka leo mtoto anachukuliwa, mzazi anaambiwa asubiri kwenye benchi, nusu saa baadaye anarudishiwa mtoto wake, "anaendelea vizuri, tuonane wiki ijayo". Amefanyiwa nini? Hajui. Nyumbani afanye nini? Hakuna aliyemwambia. Sasa piga hesabu mwenyewe, wiki ina saa 168, mtaalamu anampata mtoto labda saa moja, zote zilizobaki yuko na mama, baba, bibi au dada anayemlea, na hao ndo hatuwafundishi kitu!

Chukua mtoto wa miaka 2 asiyeongea. Mama anamvalisha, anashika shati, anamwangalia usoni, anasema "shati", halafu ananyamaza. Ananyamaza kweli, sekunde 5 hivi, na hapo ndo pagumu maana wengi wetu tunauliza na kujibu wenyewe. Mtoto akinyoosha mkono au akitoa hata "sha", huyo kashajibu, apewe shati lake. Mchezo huohuo unarudiwa kwenye kuoga, kuvaa viatu, kufungua mlango, mpaka jioni kashajaribu mara kibao bila kukalishwa mezani na kadi za picha. (Ila jamani kwanza apimwe masikio, kugeuka ukipiga makofi sio ushahidi kwamba anasikia maneno. Wataalamu wa usikivu lengo lao ni mtoto mchanga apimwe kabla hajapita mwezi mmoja tangu azaliwe, tatizo lithibitishwe kabla hajapita miezi 3 na msaada uanze kabla hajapita miezi 6.)

Au mwenye mtindio wa ubongo, mwili umekaza. Mtu wa fizio, yaani mtaalamu wa mazoezi ya viungo, atamfanyisha mazoezi vizuri tu, sawa, lakini huyu mtoto anabebwa na kulishwa kila siku na watu wa nyumbani. Akilishwa kichwa kimelalia nyuma anapaliwa, chakula kinaweza kuingia kwenye mapafu, kwahiyo mzazi aonyeshwe jinsi ya kumkalisha, makalio yarudi mpaka mwisho wa kiti, miguu ikanyage kitu isining'inie, kidevu kiinamishwe kidogo. Na aonyeshwe kwa kufanya mwenyewe mtaalamu akimwangalia na kumrekebisha, sio kupewa karatasi akasome.

Najua watasema mtoto akimwona mama analia, hafanyi kazi. Wapo wa hivyo, sikatai. Basi mama ndo afanye, mtaalamu akae pembeni aelekeze. Marekani waliweka jambo hili kwenye sheria tangu 1986, mtoto ambaye hajafika miaka 3 anaandikiwa mpango unaoitaja familia nzima sio yeye peke yake, na siku hizi sheria inataka huduma itolewe nyumbani au pale watoto wenzie walipo, kadiri inavyowezekana. Tena kuchelewa kwenyewe kunatosha kumwingiza kwenye huduma hiyo, hasubiri mpaka tatizo lipate jina.

Hilo la kusubiri jina nalo linaniudhi. Watoto wanatofautiana ndiyo, utafiti wa WHO, Shirika la Afya Duniani, ulikuta watoto wenye afya wanaanza kutembea peke yao kuanzia miezi 8 hivi hadi karibu 18, kwahiyo wa mwaka mmoja asiyetembea usimkimbilie na kelele, na kama ni njiti hesabu miezi kuanzia tarehe aliyotakiwa kuzaliwa. Lakini kapita 18 bado unaambiwa "hata baba yake alichelewa"? Na aliyekuwa na maneno yake halafu yakapotea huyo usimngoje hata kidogo, mpeleke.

Wazazi pia tusionewe. Mtu katoka kazini kachoka, ana watoto wengine, halafu unampa orodha ya mazoezi utafikiri kaajiriwa upya, akishindwa unamwambia hajali. Apewe kitu kimoja au viwili vya kuingiza kwenye yale anayoyafanya tayari, wiki inayofuata aulizwe kipi kimewezekana na kipi kimegoma, basi.

Kwahiyo mkirudi kwenye mada hii mhariri, msituulize sisi tu kwanini tumechelewa kuja. Waulizeni na wenye kliniki, mzazi anakaa dakika ngapi ndani ya chumba, na akitoka anajua kufanya nini ambacho asubuhi alikuwa hakijui.

Mzazi, msomaji wenu wa siku zote