Kifaru cha kijivu hakikukosewa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimtetee mpwa wangu wa kidato cha pili, aliyekatwa alama kwenye maonesho ya kazi za mikono ya shule moja hapa mjini. Alipeleka kifaru cha Kijerumani, Panzer III, cha vipande vya plastiki vya kuunganisha, kipimo cha 1/72, yaani kidogo mara 72 kuliko kifaru halisi. Chote kinaenea kiganjani. Kwenye kibao aliandika: Tripoli, Machi 1941, yaani Libya wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Mwamuzi akamwambia vifaru vya jangwani vilikuwa vya manjano, yeye kapaka kijivu.

Mimi ni fundi rangi wa magari, mwaka wa 26 sasa, na kijivu kile tulikichanganya pamoja barazani kwangu. Vifaru vya Rommel, jenerali wa Kijerumani, viliposhushwa bandarini Tripoli vilikuwa bado na rangi ya Ulaya, kijivu kizito chenye ubuluu, namba 7021 katika RAL, orodha ya Kijerumani ya namba za rangi. Agizo la rangi za jangwani lilitoka Machi 17, 1941: theluthi mbili namba 8000, hudhurungi inayoelekea manjano, na theluthi moja namba 7008, kijivu chenye ukijani. Hata agizo likitoka leo, rangi haifiki kesho. Rangi ya manjano iliyozoeleka, Dunkelgelb, iliagizwa Februari 1943, na Mei mwaka huohuo Wajerumani walisalimu amri Tunisia, vita vya jangwani vikaisha.

Tazama picha za miezi iliyofuata. Askari walipaka rangi mpya wakiuzunguka msalaba wa jeshi lao na namba ya kifaru, ndani yake kikabaki kisanduku cha kijivu cha zamani. Mara ya kwanza kuona hivyo nilifurahi sana, maana ndivyo afanyavyo fundi mwenye haraka asiyetaka kuandika namba ya gari upya. Na pale buti zinapokanyaga kila siku, rangi ya juu imekwanguka, kijivu kinachungulia.

Kazi kubwa ilikuwa kukipata kijivu chenyewe. Ukikipaka kama kilivyo, kwenye kitu kidogo namna ile kinakuwa cheusi kama mkaa, bawaba na vifuniko vyote vinapotea. Tukaongeza tone la nyeupe, kisha jingine, tukikijaribu kwenye kipande cha plastiki nje, kwa mwanga wa saa nne asubuhi, mpaka bawaba zikaonekana. Kijana alikaa na brashi wiki mbili. Vumbi la Tripoli alilipaka mwisho, kwenye minyororo na sehemu za chini tu.

Sidai zawadi. Nawaomba walimu wanaosimamia maonesho wamwulize mtoto amejuaje kabla ya kumkata alama. Huyu alikuwa na picha tatu ndani ya daftari, hakuna aliyemwambia azitoe.

Sasa anataka kukipaka manjano kwa ajili ya mwakani. Nimemwambia akikipaka, abadilishe na tarehe kwenye kibao.

Fundi rangi,
Ngamiani, Tanga