Barua ya kufunga muhula: hesabu na sayansi nyumbani wakati wa likizo

Wazazi na walezi wapendwa,

Salaam. Muhula umekwisha, na watoto wa madarasa ya awali wanarudi nyumbani bila kazi za likizo za kuandika. Hatukusahau. Kunakili 1 hadi 20 ukurasa mzima kunazoesha mkono kushika penseli, lakini namba haiingii kichwani kwa njia hiyo. Tunachoomba ni dakika 15 kwa siku, kitabu kimoja cha picha na vifuniko 20 vya chupa.

Mtoto anayetaja moja hadi ishirini bila kukwama huenda bado hajui kuhesabu. Mpangieni vifuniko saba, avihesabu, kisha mumuulize: "Kwa hiyo viko vingapi?" Akianza kuhesabu upya, bado hajashika kwamba namba aliyomalizia ndiyo idadi ya vyote. Msimtajie jibu. Punguzeni vibaki vitatu, hesabuni pamoja, kisha zungushieni vyote kidole mkisema "vitatu". Wapo pia wanaoruka kifuniko au kukitaja kimoja mara mbili, kwa sababu mdomo unakimbia kuliko kidole. Huyo asogeze kila kifuniko pembeni anapokitaja.

Picha za kitabuni hazisogezeki. Basi awekeshwe kifuniko juu ya kila ndege aliyechorwa, halafu avikusanye na kuvihesabu. Si lazima kitabu kiwe cha namba. Hadithi yoyote yenye michoro inayoonekana vizuri inatosha. Someni mara ya kwanza bila kukatiza, maana hadithi inayosimamishwa kila ukurasa inamchosha mtoto. Mara ya pili simameni penye kurasa mbili tatu: "Wangeongezeka wawili, wangekuwa wangapi?" Akijibu, hata akipatia, muulizeni, "Umejuaje?" Sisi walimu swali hilo hutufaa kuliko jibu lenyewe.

Lugha yetu nayo ina mambo yake. "Kumi na tatu" inajieleza: kumi, na tatu juu yake. "Ishirini" haijielezi, ndiyo maana mtoto akitoka kumi na tisa husema "kumi na kumi". Hapo amefikiri vizuri sana. Wekeni mafungu mawili ya vifuniko kumi kumi, mumpe jina tu. Akisema "vifuniko visaba" kwa kuwa amesikia vitatu na vinne, nyinyi semeni "ndiyo, vifuniko saba" na kuendelea. Hilo ni kosa la sarufi, hesabu yake iko sawa.

Kwa upande wa sayansi tumechagua jambo moja: mbegu. Chukueni glasi mbili zinazoonyesha ndani. Zungushieni karatasi laini au pamba iliyolowa upande wa ndani, kisha katika kila glasi bananisheni mbegu tatu za maharage kati yake na ukuta wa glasi, ili mizizi ionekane. Moja ilale, moja isimame, moja igeuzwe juu chini. Maji yawe na kina cha kama sentimita moja kwenye kitako cha glasi, yasizifikie mbegu. Zikizama hukosa hewa na kuoza, na hapo ndipo wengi hukosea. Glasi moja ikae dirishani, nyingine ndani ya kabati lenye giza. Kabla ya kufunga kabati, mtoto aseme anadhani ipi itaota, nanyi muandike maneno yake kama alivyoyasema.

Zitaota zote mbili, kwa kuwa mbegu ina akiba yake ya chakula. Mche wa kabatini utarefuka haraka, ukiwa mwembamba na wa rangi ya manjano. Mzizi utaelekea chini hata kwa mbegu iliyogeuzwa. Mtoto achore anachokiona kila baada ya siku mbili, na urefu aupime kwa kupanga vifuniko. Kisha rudini kitabuni mtafute mmea uliochorwa: je, mchoraji ameonyesha mizizi?

Mbegu na vifuniko visiachwe karibu na watoto wa chini ya miaka mitatu, na hata wakubwa waangaliwe wasiingize mbegu puani au masikioni.

Siku ya kufungua, kila mtoto aje na michoro yake. Mbegu iliyooza nayo ileteni, glasi ikiwa imefunikwa. Somo la kwanza la muhula ujao litaanza nayo.

Wenu katika malezi,

Mwalimu Mkuu