Tarehe ya kuwasha mfumo mpya isitangulie utayari

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji nizungumzie jambo ambalo bodi nyingi za kampuni na mashirika zinalo mezani hivi sasa, nalo ni kuhama kutoka toleo la zamani la mfumo wa kuendeshea biashara kwenda toleo jipya. Nazungumzia ile programu kubwa inayobeba kwa pamoja hesabu, manunuzi, stoo, mauzo na mishahara, ambayo ikikwama, kampuni nzima hukwama nayo. Kampuni ya SAP ya Ujerumani, ambayo mifumo yake inatumiwa na baadhi ya kampuni kubwa za Afrika Mashariki, ilitangaza mwaka 2020 kwamba matengenezo ya kawaida ya toleo lake la zamani yatakoma mwishoni mwa 2027, na kwamba atakayetaka kuhudumiwa hadi 2030 atalipa zaidi. Kwa walio wengi, basi, kuhama si hiari tena. Kilichonisukuma kuandika ni namna tarehe ya kuhama inavyopangwa.

Utaratibu uliozoeleka ni kwamba uongozi huketi, hupitisha bajeti, hutangaza kuwa mfumo mpya utawashwa tarehe mosi Julai au tarehe mosi Januari, na baada ya hapo ndipo mameneja huanza kuhesabu kurudi nyuma kwenye kalenda wakitafuta wiki za kufanyia kazi. Wiki zisipotosha, kinachokatwa ni majaribio na mafunzo, kwa kuwa ndivyo vilivyopangwa mwishoni. Naamini kwa dhati kwamba hili ndilo kosa linalozaa makosa mengine karibu yote, na ushahidi wake upo wazi kwa yeyote atakayeusoma.

Benki ya TSB ya Uingereza ilikuwa ikitumia mfumo wa Lloyds, benki iliyokuwa mmiliki wake hapo awali, na baada ya kununuliwa na Sabadell ya Hispania ilitakiwa kuhamisha wateja wake wapatao milioni 5 kwenda mfumo mpya. Mpango wa kwanza ulikuwa kuhama Novemba 2017. Ilipodhihirika kwamba kazi haijaiva, tarehe ilisogezwa hadi robo ya kwanza ya 2018, lakini uchunguzi huru uliofanywa baadaye na kampuni ya mawakili ya Slaughter and May ulionyesha kwamba mpango huo wa pili nao ulianza na tarehe ya mwisho, kisha kazi ikabanwa ili iingie ndani yake, bila bodi kuuliza kwa kina kwa nini miezi michache ya nyongeza ingetosha. Uamuzi mwingine ulikuwa kuhamisha sehemu kubwa ya wateja kwa mkupuo mmoja badala ya kwa awamu. Mfumo ulitegemea vituo viwili vya data vinavyofanya kazi sambamba, lakini majaribio ya uwezo wa kubeba mzigo yalifanyika kwenye kituo kimoja tu. Hata barua ya mkandarasi ya kuthibitisha utayari, ambayo bodi iliitegemea, ilizungumzia zaidi matarajio ya kazi ambayo ingekamilika kuliko kazi iliyokwisha kukamilika.

Mfumo ulifunguliwa kwa wateja jioni ya Jumapili, tarehe 22 Aprili 2018. Data yenyewe ilihama salama, jambo ambalo nataka wasomaji walizingatie, kwa sababu wengi hudhani data ikishavuka basi kazi imekwisha. Kilichoanguka ni huduma: wateja wapatao milioni 1.9 walijikuta hawawezi kuingia kwenye akaunti zao, wengine waliona taarifa za akaunti za watu wengine, na hali haikutulia kikamilifu hadi Desemba ya mwaka huo. Mtendaji mkuu aliondoka Septemba. Desemba 2022 wasimamizi wa sekta ya fedha wa Uingereza waliipiga benki hiyo faini ya pauni milioni 48.65, na mwaka uliofuata aliyekuwa mkuu wake wa teknolojia akatozwa faini yake binafsi, inayozidi pauni 81,000. Hukumu ya namna hiyo juu ya mtu mmoja mmoja ingefaa kusomwa na kila anayekaribia kutia saini barua ya utayari.

Sasa nirudi kwenye ofisi zetu, kwani aghalabu hatuanguki kwenye vituo vya data. Tunaangukia kwenye orodha ya bidhaa na ya wauzaji. Chukua ghala la jumla lililotumia mfumo mmoja kwa miaka kumi. Sukari imeandikwa mle kwa misimbo (namba za kutambulisha bidhaa) mitatu: mmoja unahesabu mifuko ya kilo 50, wa pili mifuko ya kilo 25, wa tatu ulifunguliwa na karani siku ambayo hakuuona ule wa kwanza, nao unahesabu kilo. Msimamizi wa stoo anajua tofauti hiyo kwa kichwa na kila mwisho wa mwezi anairekebisha kwa daftari lake. Mfumo mpya hauna daftari hilo. Ukipokea misimbo yote mitatu kama ilivyo, asubuhi ya kwanza utaonyesha shehena ambayo haipo ghalani, idara ya manunuzi itaacha kuagiza kwa kuamini mzigo upo, na keshia atamuuzia mteja mfuko usioonekana. Kwa upande wa wauzaji ni vivyo hivyo: muuzaji mmoja yumo mara nne kwa majina yaliyoandikwa tofauti kidogo, kila jina na deni lake, na ankara moja inaweza kulipwa mara mbili bila mtu kushtuka. Kusafisha orodha hizi ni kazi ya miezi, na haiwezi kufanywa na mshauri aliyetoka nje, kwa sababu anayejua kwamba misimbo miwili ni kitu kimoja ni yule aliyeshika bidhaa yenyewe.

Kosa linalofuatana na hilo ni kulazimisha mfumo mpya ufanane na mazoea ya zamani. Halmashauri ya Jiji la Birmingham, Uingereza, ilihamia mfumo wa Oracle Aprili 2022 na ikaufanyia marekebisho mengi, likiwemo la usuluhishi wa hesabu za benki, yaani kulinganisha vitabu vyake na taarifa za benki, ambalo halikufanya kazi ilivyotakiwa. Gharama iliyokadiriwa awali kuwa pauni milioni 19 ilipanda kupita milioni 100. Septemba 2023 halmashauri ilitoa tamko la kushindwa kuwianisha bajeti yake, na ingawa mzigo mkubwa ulitokana na madai ya malipo sawa kwa watumishi, mfumo huo nao ulitajwa miongoni mwa sababu. Lidl, wafanyabiashara wa rejareja wa Ujerumani, waliuacha mradi wao wa SAP mwaka 2018 baada ya miaka saba na gharama iliyoripotiwa kukaribia euro milioni 500. Moja ya mambo yaliyoutatiza ni kwamba wao walithamini shehena kwa bei ya kununulia ilhali mfumo uliandaliwa kwa bei ya kuuzia, na hawakutaka kubadilisha desturi yao. Sisemi kila desturi iachwe. Nasema uamuzi huo ufanywe kabla ya mkataba, na ufanywe na wanaojua gharama ya kuudumisha kila toleo jipya litakapotoka.

Ombi langu kwa wakurugenzi ni kwamba tarehe isitangazwe hadi yapatikane matokeo yanayoweza kushikwa mkononi. La kwanza kwa uzito ni kufunga mwezi mzima kwenye mfumo mpya kwa data halisi, huku wa zamani ukiendelea, hadi urari, yaani jumla za hesabu zote, wa pande zote mbili ulingane shilingi kwa shilingi, pamoja na madeni, shehena na mishahara. Ankara zitumwe hadi zitoe risiti za kodi zinazokubalika TRA, na malipo ya simu yapokelewe na kuingia kwenye akaunti sahihi, kwani viungo hivi na mifumo ya nje ndivyo husahaulika mara nyingi. Nakala rudufu irejeshwe kikamilifu kwenye seva nyingine, si kuambiwa tu kwamba ipo. Keshia na karani wa stoo wafundishwe kwenye skrini watakayoitumia, kwa miamala yao wenyewe, na kwa Kiswahili.

Pia iandikwe saa ambayo, mambo yakiharibika wikiendi ya kuhama, kampuni itarudi kwenye mfumo wa zamani, na jina la mwenye mamlaka ya kuamua hivyo. Mfumo wa zamani usizimwe kabisa: ubaki wa kusomwa tu, kwa kuwa sheria ya usimamizi wa kodi ya Tanzania inadai kumbukumbu zitunzwe kwa muda usiopungua miaka mitano, na mkaguzi hatapokea jibu kwamba ankara zilibaki kwenye seva iliyouzwa.

Zaidi ya yote, mhasibu mkuu na msimamizi wa stoo wapewe haki, kwa maandishi, ya kusema kwamba idara zao hazijawa tayari, na neno lao lisimamishe tarehe bila wao kuhesabiwa kuwa wapinzani wa maendeleo. Katika mikutano mingi ya aina hii wao hukaa viti vya nyuma, mkandarasi akawasilisha chati zenye rangi ya kijani kuashiria kwamba kila kitu kiko sawa, na hakuna anayewageukia kuwauliza.

Wako,
Mhasibu,
Dar es Salaam