Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama, dada zangu na kaka zangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Mnaoitikia "Milele, amina" na msioitikia tena, wote karibuni. Chama hiki chetu sisi tuliotoka utawani, seminarini na kwenye upadre hakijawahi kumuuliza mtu anasali wapi.

Hesabu za fedha ziko kwenye karatasi mlizopewa mlangoni, na mweka hazina atajibu maswali yenu. Mimi nitasema yale ambayo karatasi haiwezi kuyasema.

Mwaka huu wengi walitufikia kwa njia ileile: simu ya usiku, sauti ya chini, mtu yuko stendi ya Msamvu au kwa binamu ambaye ameshaanza kununa. "Dada, nimetoka. Sijui pa kulala." Morogoro yetu imejaa nyumba za watawa, kuanzia Kihonda hadi Bigwa, kwa hiyo mji huu unajua sana kumpokea anayeingia. Siku ya nadhiri mabasi yanakodiwa, ng'ombe anachinjwa, vigelegele havikomi. Anayetoka hutoka alfajiri na begi moja. Mimi nilitoka baada ya miaka 14, nikapewa nauli na magauni mawili, moja halikunitosha. Nyumbani baba hakuuliza kitu. Shangazi mmoja ndiye aliyetaka kujua mtoto nimemwacha wapi.

Basi tuseme amefika mjini. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita mkononi, na dalali naye anataka ya mwezi mmoja. Mtu aliyeingia malezi ya utawa akiwa binti wa miaka 19, asiyewahi kushika mshahara wake, aitoe wapi? Kwa miaka kadhaa tulikuwa tunampa nauli na maneno mazuri. Mwaka huu kamati ilikodi chumba Kihonda: vitanda viwili, jiko la gesi, ndoo, pasi. Kina sheria moja tu. Kwa miezi mitatu ya kwanza hakuna anayemuuliza mgeni kwa nini ametoka. Akitaka kusema, atasema. Mmoja alikaa wiki saba bila kugusa habari hiyo, kisha siku moja akichambua mchele akaanza mwenyewe, na hakumaliza mpaka chakula kikaungua.

Sasa niseme kosa letu, maana nisiposema mimi mtalisema nyie pale nje. Mradi wa kuwagawia cherehani wanaotoka haukwenda vizuri. Tulidhani kila sista anajua kushona, kwa sababu tumezoea kuona masista wakishona kanzu na mavazi ya altare. Wengine walikuwa wauguzi, mwingine mhasibu wa hospitali, mwingine alikaa jikoni maisha yake yote ya utawa. Baadhi waliuza cherehani ili walipe kodi, na siwalaumu. Ilikuwa wajibu wetu tuwaulize kwanza.

Kilichofanya kazi, tena bila kelele, ni suala la majina. Fikirieni dada aliyeitwa jina la utawa kwa miaka 20. Cheti cha NECTA kina jina la nyumbani, kitambulisho cha NIDA kina jina la shirikani, cheti cha uuguzi kimechanganya yote mawili. Kila dirisha analokwenda wanamwambia arudi na uthibitisho kwamba watu hawa watatu ni mmoja. Mwanachama wetu aliye wakili amewaandalia wenzetu viapo na hati za kubadili jina, na hajadai hata fedha ya wino. Naomba tumpigie makofi kabla sijaendelea.

Umri ni jambo gumu zaidi. Matangazo ya ajira serikalini yanataka mwombaji asiyezidi miaka 45, na wengi wanaotujia wamekaribia hapo au wamepita. Pensheni ya NSSF nayo inahitaji michango ya miezi 180, yaani miaka 15. Pigeni hesabu. Anayeanza kuchangia akiwa na miaka 45 ataifikisha akigonga 60, bila kukosa hata mwezi mmoja. Anayeanza na 48 ameshachelewa kwa umri huo. Na kati yetu wapo waliofundisha shule za shirika lao au kuhudumia wagonjwa kwa miongo miwili bila mchango hata mmoja kupelekwa kwa jina lao, kwa kuwa hawakuwa na mshahara. Kwa hiyo mtu akishapata chumba, jambo la pili tunalomsukuma nalo ni kujiandikisha kama mchangiaji wa hiari, hata kama anauza maandazi.

Mafrateri, yaani vijana waliokuwa wakisomea upadre, wana shida yao, ingawa mimi huwa nawacheka kidogo. Kijana amemaliza falsafa seminari ya Kibosho au Ntungamo, anakaa mbele ya mwajiri, anaulizwa anajua nini, anajibu: "Nilisoma falsafa." Usaili umekwisha. Hakumbuki kwamba anaweza kusimama mbele ya watu mia tano, anaandika taarifa safi, na ameshika daftari la fedha la parokia. Kaka zetu waliokuwa mapadre wamewafanyisha mazoezi ya usaili jioni za Jumamosi. Hao mapadre wenyewe wana safari ndefu, kwa kuwa dispensa ya useja, yaani ruhusa ya kuondolewa wajibu wa kutooa, hutolewa na Baba Mtakatifu peke yake. Wapo wanaosubiri huku wakikaa benchi la mwisho kwenye jumuiya, na wake zao wakikaa nyumbani.

Hoja ya leo inahusu mashirika ya watawa. Kanuni ya 702 ya Sheria za Kanisa ina vifungu viwili. Cha kwanza kila mama mkuu anakijua: anayetoka hawezi kudai chochote kwa kazi aliyoifanya shirikani. Cha pili husomwa kwa sauti ndogo: shirika lizingatie usawa na upendo wa kiinjili kwa anayetengana nalo. Mwaka 2020 Kardinali João Braz de Aviz, aliyesimamia ofisi ya Vatikani ya watawa, alieleza kwamba Papa Fransisko alikuwa amefungua nyumba Roma kwa ajili ya masista walioacha utawa, hasa wageni wasio na pa kwenda. Mwaka 2023 Papa huyo huyo aliongeza muda wa kukata rufaa kwa mtawa aliyefukuzwa, kutoka siku 10 hadi 30. Kwa hiyo tunachoomba si uasi.

Kwenye kamati tuligawanyika. Wapo wanaotaka barua ya wakili yenye madai. Mimi napinga, kwa sababu kifungu cha kwanza kimefunga mlango huo, na barua ya madai itafunga hata dirisha. Napendekeza tuombe mambo matatu kwa kila anayetoka: vyeti vyake vyote mkononi, kodi ya miezi sita, na bima ya afya ya mwaka mmoja. Mama mkuu mmoja tuliyemtembelea alitupa chai na vyeti siku hiyo hiyo. Wengine hawajajibu barua.

Kura itapigwa baada ya chai. Chumba cha Kihonda kinahitaji godoro la pili kabla ya Ijumaa, kuna mgeni anakuja.