Ninunue vyumba vya kupangisha au boma la kumalizia na kuuza?

Ndugu Mshauri,

Mimi ni mwalimu mstaafu, mkazi wa Sakina hapa Arusha. Katika kiinua mgongo changu nimetenga shilingi milioni 72 ambazo nataka zinitunze mimi na mke wangu, kwa kuwa sina nguvu za kuanza biashara ya kushinda dukani. Kwa miezi minne nimezunguka na madalali, na sasa zimebaki nyumba mbili ambazo zimeninyima usingizi.

Ya kwanza iko Muriet, ina vyumba sita vya kupangisha, na mwenyewe anataka milioni 58. Alinieleza kwamba kila chumba kinalipiwa 70,000 kwa mwezi, yaani milioni 5 na ushee kwa mwaka, na kwamba wapangaji hawakatiki. Nilikwenda mara ya kwanza na dalali, asubuhi ya jua, nikaipenda. Nikarudi peke yangu jioni, siku mbili baada ya mvua kubwa. Mama mmoja aliyekuwa akichagua mchele kibarazani aliniambia kwamba yeye hulipa 60,000, kwamba chumba cha mwisho kina miezi mitatu hakina mtu, na kwamba shimo la choo hujaa kila masika. Kisha akanionyesha ukuta wa nyuma. Ulikuwa umepakwa rangi juzi tu, lakini nilipougusa kwa ufunguo plasta ilimomonyoka kama unga uliolowa, na alama ya maji ilionekana wazi usawa wa goti. Namshukuru sana mama yule, maana dalali hakunipeleka upande huo.

Nilipofika nyumbani nilipiga hesabu upya kwa 60,000, nikachukulia kwamba kila chumba kitakuwa na mtu miezi 10 kati ya 12. Inapatikana milioni 3.6. Nikitoa kodi ya mapato ya pango ya asilimia 10, kisha nikitenga laki sita kwa ukarabati na gari la kunyonya choo, nabaki na milioni 2 na laki sita na kidogo, maana yake ni kwamba fedha yangu itarudi baada ya miaka ipatayo 22, nami nina miaka 61. Hatifungani za serikali za muda mrefu, yaani fedha unayoikopesha serikali kwa riba, zimekuwa zikilipa zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka bila mpangaji wala choo, ilhali nyumba hii hainipi hata asilimia 5. Mke wangu anajibu kwamba nyumba hupanda thamani, na hapo sina la kumpinga, isipokuwa kiwanja hakijapimwa na karatasi iliyopo ni mkataba wa mauziano ulioshuhudiwa serikali ya mtaa. Maji nayo ni ya kisima, na sote tunajua habari ya floraidi, madini ambayo yakizidi huharibu meno na mifupa, katika maji ya visima vingi vya huku chini ya Mlima Meru. Mpangaji mwenye watoto wadogo huuliza jambo hilo kabla ya kuuliza bei.

Ya pili ni boma lililopo Moshono, limeishia kwenye lenta (mkanda wa zege juu ya milango na madirisha), lina hati miliki, na bei yake ni milioni 36. Fundi ninayemwamini amekadiria milioni 34 kulimaliza. Dalali ananihakikishia kwamba litauzwa milioni 95, na kila mara anataja uwanja mpya wa mpira unaojengwa kwa ajili ya AFCON ya 2027. Mimi naogopa bei inayosimama juu ya tukio moja. Nakumbuka jinsi wenye nyumba wa Njiro walivyozoea pango la watumishi wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda, iliyokuwa hapa Arusha, na mahakama ile ilipofungwa mwishoni mwa 2015 wengine walihangaika kupata wapangaji wa kiwango kile. Tena hiyo milioni 95 ni bei inayotajwa, na sijaonyeshwa nyumba hata moja ya jirani iliyouzwa kweli kwa bei hiyo. Mtaa wa pili kuna moja yenye neno “Inauzwa” ukutani, na maandishi yameshafifia.

Nikiuza kwa milioni 80, nikamlipa dalali asilimia 5 anayodai na kodi ya asilimia 10 ya faida, nabaki na takriban milioni 5. Lakini makadirio ya fundi hayana uzio wala geti, na gharama zikizidi kwa asilimia 20 tu, naingia kwenye hasara. Isitoshe, hati ina jina la marehemu baba wa wauzaji, na bado sijaonyeshwa barua ya mahakama ya kumteua msimamizi wa mirathi.

Naomba unisaidie mambo haya. Je, hesabu yangu ya vyumba ni kali kupita kiasi, au nishushe ofa hadi milioni 40 na kuondoka wakikataa? Kwa boma, mtu asiye na akiba nyingine aache pengo la kiasi gani kati ya gharama zote na bei ya kuuzia? Na je, ni salama kutoa chochote kabla ya barua ya mirathi na upekuzi kwa Msajili wa Hati, yaani kuhakiki mmiliki halali? Nauliza hili la mwisho kwa sababu wauzaji wa boma wanataka malipo ya awali ya milioni 5 kabla ya mwisho wa mwezi huu.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu mstaafu, Sakina, Arusha